Kabati la Wasiovaa Shela

"Hivi ninyi mkioana kanisani, karatasi anabaki nayo nani?"

Bi Salha aliniuliza hivyo siku moja tumekaa kibarazani kwake tunachambua maharage. Yeye ni Mwislamu, ana duka la nafaka karibu na maegesho ya malori hapa Makambako, na nyumba zetu zinatazamana tangu mwaka tisini na tatu. Nilimjibu kwamba karatasi anakaa nayo baba, si ndiye mwenye nyumba. Akacheka mpaka ungo ukataka kumponyoka.

"Yangu iko chini ya godoro," akasema. "Nimeilalia miaka kumi na sita. Mume anaweza kuhama, karatasi haihami."

Nami nikacheka. Mume wangu Amon alikuwa hai, anapasua mbao na kurudi jioni na vumbi la msumeno kwenye nyusi, na sikuona sababu ya mtu mzima kulalia karatasi.

Amon alifariki mwaka 2004. Tulimzika kwao, kijiji cha juu kidogo ya Matamba, kule ambako asubuhi nyingine majani ya viazi unayakuta yameungua kwa baridi kana kwamba mtu amepitisha moto. Siku ya kuondoa matanga, shemeji yangu Yoramu, kaka mkubwa wa Amon, alisimama akatangaza kwamba vitu vya marehemu vitatunzwa na ukoo. Sanduku lake la bati, lenye karatasi zake zote, likabebwa nikiliona. Ufunguo akautia Yoramu mfukoni. Sikusema neno. Mjane wa wiki moja kule kwetu akisema neno, wanasema ameanza kutafuta mwanamume.

Miaka ikaenda. Nilimlea mwanangu mmoja, Irine, kwa kuuza viazi na njegere sokoni, akasoma, akawa mwalimu, akaolewa Songea. Jumapili niko kwaya ya akina mama, sauti ya pili. Jumatano niko kwenye maombi. Sijawahi kumwomba mtu wa ukoo ule hata chumvi.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, akaja Steven. Ni mtoto wa mwisho wa Yoramu, anafanya kazi Dodoma, kijana wa heshima, ananiita mama mdogo na kunipokea mzigo. Alisema wanaandika kitabu cha ukoo. Kitatoka Desemba, siku watu wote watakapokutana kijijini kujengea kaburi la baba mkwe wangu, Mwinjilisti Anderson. Kitasomwa mbele ya watu, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba itasimama ikiitwa. Baba yake ndiye msimamizi, yeye kazi yake ni kukusanya: nani alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alimwoa nani, alikufa lini. Alikuwa amepita kwenye ofisi na makanisa mpaka viatu vimepinda. Kwangu alitaka picha ya Amon tu.

Nilimpa picha. Akaniachia nakala ya kwanza nikague kama kuna makosa.

Alipoondoka nikavaa miwani, nikakaa mlangoni penye mwanga. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema hivi: Amon. Alizaliwa 1962. Alibatizwa 1962. Alifariki 2004. Mke: hakuna kumbukumbu. Mtoto: Irine, 1987.

Nikasoma tena. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Kila mwanamume wa ukoo ule alikuwa na mstari wake, alimwoa fulani, kanisani, tarehe fulani. Hata yule mdogo wao aliyempiga mkewe akamfukuza na kichanga mgongoni, naye kaandikwa alimwoa, na jina la mama wa watu likawekwa pale likiwa safi kabisa. Kwa Amon ndiyo hakuna kumbukumbu. Miaka kumi na minane nimefua nguo za mtu yule. Miezi saba ya mwisho nimemgeuza kitandani kama mtoto. Hakuna kumbukumbu.

Nikampigia Steven.

"Mama mdogo, usinielewe vibaya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani simu ikatike. "Baba alitoa sharti moja. Tunaandika chenye maandishi tu. Akanielekeza Kitabu cha Ndoa cha usharika, nami nimekipitia jina kwa jina, mwaka themanini mpaka tisini na tano. Wewe na baba mdogo hamumo."

Nikampigia baba yake. Yoramu siku hizi anakaa Njombe mjini, ni mzee wa kanisa, amestaafu kazi ya ukarani, ana shamba la parachichi na fimbo ya kutembelea asiyoihitaji.

"Shemeji," akaniambia, "kitabu ni cha kumbukumbu, si cha hadithi. Lete karatasi, utaandikwa."

"Karatasi ilikuwa kwenye sanduku la Amon. Sanduku ulilichukua wewe."

"Lile lililiwa na mchwa."

"Mchwa siku hizi wanakula bati."

Nikamwambia jina langu lipo kwenye Kitabu cha Ubatizo, pale alipobatizwa Irine, mama yake ameandikwa Telesia.

"Kuzaa si kuolewa, Mama Irine," akasema. Kisha akanitakia siku njema yenye baraka.

Nilikaa na simu mkononi mpaka ikazima taa yake. Nina umri wa miaka hamsini na nane, nashika mkono wa Mungu tangu kipaimara, na mzee wa kanisa ameniambia kwa ulimi wa sala kwamba niliishi na mdogo wake kama hawara.

Irine nilipomweleza alisema, "Mama, waache. Sisi tunajua."

"Mimi na wewe tunajua," nikamwambia. "Mjukuu wa mwanao atajua nini? Atafungua kitabu atakuta babu yake alizaa na upepo."

Bi Salha yeye hakucheka safari hii. Alisikiliza, akafunga pazia la duka, akaniuliza kama nina nauli. Nikasema ninayo. "Basi nenda," akasema. "Na sweta mbili uvae, Njombe ile si ya kuendea na hasira tu."

Nikapanda basi la asubuhi. Nilianza ofisi ya serikali ya wilaya, pale wanaposajili vizazi na vifo. Kijana wa dirishani alinisikiliza vizuri, hilo nalishuhudia. Akasema kifo cha Amon kimo, lakini kwenye fomu ya kifo hakuna sehemu inayomthibitisha mjane. Ndoa ya kanisani ya miaka ile nikaitafute kanisani, maana sharika za mbali nyingi zilikuwa zinafungisha ndoa bila kuleta taarifa wilayani, na yeye hawezi kuumba ambacho hakikuletwa.

Vitabu vya zamani vya sharika za kwetu vilihamishiwa Njombe miaka mingi iliyopita, vikawekwa kwenye chumba nyuma ya ofisi ya kanisa. Mtunzaji wake ni mama mmoja anaitwa Lidia, mnene, mwenye kofia ya sufu, na chini ya meza yake kuna jiko la mkaa analoegemezea miguu.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene."

Nikamweleza. Akanipa Kitabu cha Ndoa, jalada jeusi, kinanuka moshi wa jikoni kwa mchungaji wa zamani. Akaniambia nigeuze kurasa taratibu, nisilambe kidole. Tarehe nilikuwa nayo kichwani: Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa nane, mwaka themanini na saba. Siku hiyo hiyo Irine alibatizwa. Nikafika mwezi wa nane. Kulikuwa na jozi sita. Wote nawafahamu, na wanne kati yao waliolewa na shela moja, lile la usharika, lililokuwa linaazimwa na kurudishwa limefuliwa. Jina langu halikuwepo. Nikatafuta mwezi wa saba, wa tisa, mwaka mzima. Nikatafuta na mwaka uliofuata, kwa kuchanganyikiwa tu.

Hapo, nakiri, moyo uliniyumba. Nikawaza, labda Yoramu anajua jambo nisilolijua. Labda mchungaji wa siku zile alitushika vichwa tu, akatuombea, sisi watoto wa darasa la saba tukadhani tumeoana. Na kama ndivyo, sakramenti nimekula kwa haki gani miaka yote hii?

Lidia alikuwa ananitazama juu ya miwani.

"Mama, samahani," akasema. "Siku hiyo ulivaa shela?"

Nikahisi damu inapanda. "Dada, mimi nimetoka Makambako natafuta ndoa yangu, wewe unaniuliza nguo?"

"Usikasirike. Nauliza kwa sababu wasiovaa shela wako kabati lingine."

Nikamtazama. Naye akanitazama. Kisha nikajua, na nikaona aibu kwamba sikukumbuka mwenyewe.

Sikuvaa shela. Amon alinitorosha. Mwezi wa tano mwaka themanini na sita nilitoka kwetu kwenda kuteka maji, ndoo nikaiacha kisimani, na asubuhi yake kwa Mwinjilisti Anderson wakapeleka jembe kwa baba yangu, jembe jipya bila mpini, maana yake msimtafute, yuko kwetu. Ndivyo ilivyokuwa kule. Wengi walifanya hivyo, mahari ikafuata nyuma. Kwa wazee lilikuwa jambo la kumalizana. Kwa kanisa lilikuwa dhambi, na dhambi ilikuwa na benchi lake.

Tuliwekwa marudini. Asiyejua marudi ni nini, ni hivi: jina linatangazwa, unakaa benchi la mwisho karibu na mlango, meza ya Bwana huisogelei, mtoto wako habatizwi. Ukifa, kengele hailii. Miezi kumi na minne tulikaa pale, upepo wa mlangoni unatupiga. Na baba mkwe, kwa kuwa kosa lilifanyika chini ya paa lake, akasimamishwa kuhubiri miezi mitatu, akavuliwa kanzu mbele ya watu aliowafundishia watoto. Jumapili iliyofuata alikuja na koti lake la kawaida. Alipita mabenchi yote ya mbele ambako bado alikuwa na nafasi yake, akaja mpaka nyuma, akamwambia Amon, "Sogea." Akaketi kati yetu na mlango. Miezi mitatu ilipoisha alirudishiwa kanzu, akawa anapanda kuhubiri, akimaliza anashuka anakuja kuketi nasi. Nilikuwa na mimba kubwa. Siku za ukungu alikuwa anafungua koti akanifunika upande mmoja.

Siku tuliporudishwa kundini tulipiga magoti mbele, tukaulizwa, tukajibu. Kisha mchungaji akatuuliza maswali ya ndoa, tukajibu na hayo. Nilikuwa na kitenge na kitambaa kichwani. Shela hapana, lile lilikuwa la wasiotenda kosa.

"Mchungaji yule wa zamani alikuwa na utaratibu wake," Lidia akaniambia. "Ndoa ya waliorudi hakuiandika na za wengine. Aliiandika palepale walipoandikwa kutengwa, kwenye Kitabu cha Marudi. Watu wanakuja hapa wanalia, wanasema mama yao hakuolewa. Nawauliza habari ya shela, wananitukana kama wewe."

"Sikukutukana."

"Macho yalitukana." Akacheka kidogo. Kisha akasema kitabu chenyewe yeye hana ruhusa ya kukifungua. Mna makosa ya watu mle, na wengine wako hai, wanaimba kwaya. Nirudi Alhamisi, mchungaji atakuwepo.

Nikarudi Alhamisi, mchungaji alikuwa msibani. Nikarudi Jumatatu. Kila safari nilipita barabara ile ile, nikitazama mashamba ya chai na malori ya mbao, na kila safari hasira yangu ilikuwa inazidi kutulia, kama uji unaoacha kuchemka ukaanza kushika. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Mtu aliyemwambia Steven atafute kwenye Kitabu cha Ndoa peke yake, ama hakujua, ama alijua sana.

Mchungaji ni kijana, umri wa Irine. Alitoa kitabu kabatini, chembamba, jalada la kijivu, akaweka karatasi nyeupe juu ya ukurasa na rula chini, akazisogeza mpaka ikabaki nafasi ya mistari michache. Makosa ya wenzetu yakafichika. Sikujaribu kuchungulia. Mungu anajua sikujaribu.

"Ni wewe huyu?" akauliza.

Nikainama. Amon wa Anderson na Telesia, wamerudishwa kundini, ndoa yao imefungwa na kubarikiwa mbele ya usharika. Tarehe tisa Agosti 1987.

Nilitaka kulia, lakini jicho langu lilikuwa limeshashuka chini, likakauka. Mwandiko ule ninaujua. Ni mwandiko wa kulala upande wa kulia, herufi ya kwanza imepambwa kama ya cheti cha shule. Kwa mwandiko ule nililetewa barua ya mazishi, na ratiba ya kikao cha matanga, na orodha ya vitu vya marehemu. Chini kabisa kulikuwa na jina. Karani wa usharika: Yoramu Anderson.

"Mchungaji," nikasema, "naomba nakala, yenye maneno yote ya hapa, hata ya mwisho. Usifupishe."

Akaiandika yeye mwenyewe, akapiga muhuri, akanionea huruma kwa macho. Nikamwambia asinionee huruma, aniombee ulimi wangu.

Kikao cha mwisho cha kitabu kilifanyika Jumamosi nyumbani kwa Yoramu. Sikualikwa. Nilibisha hodi saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Sebuleni kulikuwa na jiko la mkaa katikati, Steven na kompyuta yake mezani, na Feliciana, mke wa Yoramu, anamimina chai. Yoramu alikuwa kwenye kiti kikubwa, kofia ya pama juu ya goti.

"Karibu, shemeji," akasema. "Umetushtukiza."

"Nimeleta karatasi. Ulisema nilete."

Feliciana akaniwekea kikombe na sahani ya viazi vya kuchemsha. Sikugusa. Nilitoa nakala kwenye mkoba wa Biblia, nikampa Steven, si baba yake. Steven akaisoma kimya. Niliona masikio yake yanabadilika rangi.

"Baba, wapo," akasema. "Walifunga ndoa. Iko kwenye kitabu kingine."

"Nipe." Yoramu akaisoma, au alijifanya anaisoma. Aliyeandika kitu kwa mkono wake hahitaji muda mrefu namna ile. Kisha akaikunja mara mbili. "Haya, Mungu ni mwema. Jambo limekwisha. Steven, andika. Mke, Telesia. Walifunga ndoa kanisani, Agosti 1985."

"Themanini na saba," nikasema.

"Themanini na tano inakaa vizuri. Mtoto amezaliwa Februari themanini na saba. Wasomaji ni watoto hao, watahesabu kwa vidole."

"Wahesabu."

Feliciana akasema taratibu, "Mama Irine, mwenzangu, si ndicho ulichokuwa unataka? Jina lako litakuwemo. Chukua chai."

"Nilikuwa nataka kuandikwa," nikamjibu. "Sikuja kuongopewa."

Yoramu akaegemea mbele. Sauti yake ikawa ile ya mimbarini. "Sikiliza, shemeji. Kile ni kitabu cha nyumba ya mwinjilisti. Kitasomwa juu ya kaburi lake, maaskofu wakiwepo. Unataka dunia nzima ijue kwamba baba yetu alivuliwa kanzu? Kwa sababu ya kisima chako na ndoo yako? Mimi nililinda jina lake."

"Kwa hiyo ulijua."

Alikuwa anakunja ile karatasi mara ya tatu.

"Miezi mitatu umemtuma mtoto wako atafute kwenye kitabu ambacho ulijua simo," nikasema. "Wewe ndiye uliyetuandika. Umri wako ulikuwa miaka ishirini na sita, ulikaa meza ya karani pale mbele, umevaa tai nyekundu. Niliiona kalamu yako ikitembea nilipokuwa nimepiga magoti. Halafu unaniambia kwenye simu kuzaa si kuolewa."

"Baba?" Steven akasema.

"Andika themanini na tano," Yoramu akamwambia mwanawe, "au futa kabisa, irudi kama ilivyokuwa."

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa maneno mengi. Shuleni nilikuwa mtoro wa hesabu, kanisani naimba nyuma ya wengine. Lakini pale niliona kwamba mtu huyu yuko tayari kunipa kila nilichokiomba, jina, ndoa, heshima mbele ya kaburi, ilimradi nikubali uongo mmoja wa tarehe. Na uongo ule ungefuta kitu kimoja ambacho mimi peke yangu katika chumba kile nilikuwa nakidai. Benchi.

"Steven mwanangu," nikasema, "mwombe baba karatasi. Isome kwa sauti, mpaka mwisho. Mstari wa mwisho hasa."

Steven alinyoosha mkono. Kwa muda baba yake hakuachia. Kisha akaachia, kwa sababu mkono wa mtoto ulikuwa haurudi. Steven akaikunjua kwenye goti.

"Amon wa Anderson na Telesia," akasoma, "waliowekwa marudini Juni 1986 kwa kutoroshana, leo wametubu, wamerudishwa kundini, ndoa yao imefungwa na kubarikiwa mbele ya usharika. Mtoto wao Irine amebatizwa." Akashusha kidole kwenye mistari ya mwisho. "Mwinjilisti Anderson, baba wa kijana, alisimamishwa kuhubiri miezi mitatu. Kwa hiari yake ameketi benchi la nyuma pamoja na wanawe hadi siku ya leo. Usharika umesimama alipokuja mbele pamoja nao."

Mkaa ulialika jikoni. Feliciana alikuwa ameshika birika hewani, hamimini.

"Hilo sikulijua," Steven akasema polepole. "Kwenye sura ya babu tumeandika alifungua makanisa manne na shule moja. Hili halimo." Akamgeukia baba yake. "Hili uliliandika wewe? Kwamba watu walisimama?"

Yoramu alikuwa anatazama jiko.

"Alilia wakati anaandika," nikasema. Wala sikulisema kwa kumkomoa. Nilikuwa nimelisahau, likanijia palepale, tai nyekundu na mkono unaofuta shavu kwa haraka watu wasione. "Wino ulimwagika. Mchungaji wa hapa Njombe anaweza kukuonyesha doa."

Nilingoja aseme sivyo. Kwa kweli nilitamani aseme jambo lolote, hata tusi, nipate pa kushika. Miaka ishirini nilikuwa nimemwekea mtu huyu maneno, nayo yalikuwa yamepangika ulimini kama mabakuli.

Steven akavuta kompyuta karibu. Nikaona ukurasa wa kumi na tisa umefunguka, na pale penye neno Mke, kile kistari cha kuandikia kinawaka na kuzima.

"Mama mdogo," akaniuliza, "niandike kama ilivyo? Yote?"

"Kama ilivyo. Na jembe kama nafasi inatosha."

"Baba?" akauliza tena, vidole viko juu ya herufi.

Yoramu alinyanyuka. Aliichukua kofia gotini, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekiweka mle, akaivaa. Fimbo akaiacha imeegemea kiti. Alinipita karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake, akafungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, akatoka kwenye ukungu.